Kimbaombao Atoka Kabatini

Taa ilikufa Jumanne asubuhi, Zulma akiwa anamenya viazi. Hakusikia mlio wowote. Aliinua macho tu akaona kwamba ule mstari wa mwanga chini ya mlango wa kabati, ambao miaka yote ulionekana kutoka jikoni, haupo. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda chumbani kufungua kabati. Ndani kulikuwa na giza na joto, na ile harufu kali ya siku zote ikamjaa puani. Tangu walipomzika mumewe Wilmar mwezi wa Juni, harufu hiyo ilikuwa inamliza kila alipokwenda kumwagilia.

"Wewe nawe," aliiambia taa. "Siku zote hizo hukuiona nyingine ya kufia?"

Wanawake wengine wa mji wa Minas, kule Uruguay, wana kabati la nguo. Zulma Etcheverry alikuwa na kabati la bangi. Nguo zake zilikaa juu ya viti, ndani ya masanduku na kwenye misumari nyuma ya mlango, kwa sababu siku moja ya zamani mumewe aliamua kwamba lile kabati kubwa alilorithi Zulma kwa mama yake ndilo linalomfaa mbangi wake. Alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye mama. Kila majira ya machipuko Wilmar alimkata vijitawi, akavitia mizizi, vikawa miche. Miche ikatolewa uani, ikawa miti, ikavunwa Aprili na kung'olewa. Mama mwenyewe hakutoka. Alibaki kabatini chini ya taa yake, mrefu, mwembamba, amefungwa kwenye mpini wa ufagio kwa kamba ya kiatu asije akaanguka. Wilmar alimwita Kimbaombao.

"Nimempa jina hilo kwa ajili yako," alimwambia mkewe. "Ulivyokuwa msichana ulikuwa hivi hivi." Zulma, ambaye kunenepa alishanenepa siku nyingi, hakujua kama anasifiwa au anachambwa.

Zamani Kimbaombao alifichwa kwa sababu ya polisi. Kisha sheria ikabadilika, watu wakaanza kupanda uani mchana kweupe, hata mwalimu mkuu mstaafu wa nyumba ya tatu akawa na yake, lakini Wilmar aliendelea kumfungia. Alidai kwamba huyu hajaona jua tangu azaliwe, kwa hiyo jua litamuua. Mwanamume aliyepasua mawe machimboni ujana wake wote, mgongo ukichomwa mpaka ngozi ikakomaa, alikuwa analiogopa jua kwa niaba ya mmea. Zulma aliona ni upuuzi mtupu. Ila mafuta yaliyopikwa kwa bangi ile ndiyo yaliyomwinua Wilmar kitandani na mgongo wake ule mbovu, basi alinyamaza, akaendelea kutundika magauni kwenye misumari.

Dardo aliitwa, akafika kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa rafiki wa Wilmar tangu machimboni, mtu mfupi mwenye masharubu makubwa kuliko uso wake. Aliifungua taa, akaitikisa sikioni.

"Imekwisha, shemeji. Na siku hizi hawaitengenezi tena."

"Si ulete nyingine."

"Ya namna nyingine ipo Montevideo, na lazima mtambo wote ubadilishwe. Mpaka nipate mtu wa kuja kuifunga, huyu atakuwa ameshageuka ugoro."

"Mpeleke kwako basi."

"Kwangu kuna utitiri. Wamemaliza mimea yangu yote. Nikimpeleka kule nimempeleka machinjioni." Dardo alijikuna shingo. "Na vile vijitawi ulivyosema utavikata?"

"Vimeoza. Vyote. Nilifanya kama nilivyomwona akifanya, vikaoza. Na wale watoto wake uliokuwa unapewa wewe kila mwaka?"

"Nilivuna, nikang'oa," alisema Dardo polepole. "Nilijua mwaka unaofuata Wilmar atanipa mwingine."

Ukoo huo wa mimea Wilmar aliuanzisha mwenyewe kwa mbegu alizozichanganya kwa miaka, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa nao.

"Kwa hiyo ni huyu peke yake," alisema Zulma.

"Ni huyu peke yake, shemeji. Duniani kote."

Zulma alimtazama Kimbaombao mle gizani. Akifa huyu, aliwaza, Wilmar atakuwa amenifia mara mbili.

"Jua lipo hapo nje," alisema Dardo. "Nalo halina waya wa kukatika."

"Mwenyewe alisema litamuua."

"Litamuua ukimtupa tu pale kama gunia. Wewe hutamtupa. Unakumbuka alivyokuwa anawatoa wale wadogo?"

Nani asiyekumbuka? Wilmar hakupima jua kwa saa. Alipima kwa chupa. Zulma, kama mtu yeyote wa mji ule, alishinda na kibuyu cha yerba mkononi, yale majani machungu yanayonywewa kama chai, mrija wa chuma ndani yake, na chupa ya maji moto kwapani; Wilmar alikuwa hivyo hivyo, labda kuzidi. Siku ya kwanza alikuwa anauweka mche chini ya mlimau, kivulini, anaketi kando yake na kuanza kunywa. Chupa ikikauka, mche unarudi ndani. Kesho yake anausogeza ukingoni mwa kivuli, chupa moja. Keshokutwa jua linagusa majani ya chini, chupa moja tena. Akaendelea hivyo siku hadi siku, mpaka mche uliweza kukaa juani kutwa bila kunyong'onyea. Majirani walimcheka kwamba anainywesha miche yerba. Hakujali.

"Ukiharakisha, majani yanaungua," alisema Dardo. "Ukichelewa, taa haipo. Mimi nawe tumwinue sasa hivi."

Kumtoa kulikuwa kazi. Ndoo ilikuwa nzito, na kichwa cha Kimbaombao kilikuwa kirefu kuliko mlango, ikabidi wamwinamishe, Dardo akirudi kinyumenyume huku akitukana kila kizingiti, Zulma akishika ule mpini wa ufagio kwa mikono miwili. Wakapita jikoni, wakapita kwenye ngazi ndogo, wakamweka chini ya mlimau.

Kisha Zulma akarudi nyuma hatua kidogo, akamwangalia.

Miaka yote alimjua kwa mwanga wa taa tu, mwanga wa rangi ya mafuta ya kupikia, uliofanya kila kitu kabatini kionekane kinaumwa manjano. Kumbe alikuwa wa kijani. Tena si kijani kimoja. Majani ya chini yalikuwa na kijani kizito, karibu na buluu. Ya juu yalikuwa mepesi, mwanga unapita ndani yake, na ukitazama vizuri unaiona mishipa yote, kila mmoja na matawi yake. Kwenye kingo kulikuwa na meno madogo ambayo Zulma, aliyemmwagilia Kimbaombao tangu Juni, alikuwa hajawahi kuyaona. Akajua kwamba hata Wilmar hakuwahi kuiona rangi hii, na jambo hilo likamchoma na kumfurahisha kwa wakati mmoja.

Upepo mdogo ukashuka kutoka vilimani, upepo ambao mtu hafungi hata kifungo kwa ajili yake. Kimbaombao akatetemeka mwili mzima, kuanzia ncha hadi chini, kila jani kwa wakati wake. Maishani mwake alikuwa hajaguswa na kitu kingine ila mikono ya watu wawili.

"Anaogopa," alinong'ona Zulma.

"Au anacheka," alisema Dardo.

Zulma alileta kigoda, kibuyu na chupa. Alikunywa taratibu, bila kuondoa macho. Maji yalipokwisha wakamrudisha, safari hii dirishani jikoni, na siku nzima Zulma alipika huku akigeuka kumtazama, kana kwamba kuna mgeni mheshimiwa amekaa pale asiyeongea.

Wakaendelea hivyo kila siku. Dardo alikuja asubuhi kusaidia kubeba, akarudi baadaye kubeba tena. Mpini ulisogezwa, ndoo ikasogezwa, jua likagusa majani ya chini, likapanda. Na siku moja Zulma, kibuyu kikiwa mdomoni, aliona kwamba majani yote yamegeuka. Alipomweka pale yalikuwa yameelekea huku na huku, kila moja na lake, na sasa yote yalikuwa yameinuka kidogo na kulielekea jua, viganja wazi. Hakuna aliyeyaona yakisogea. Zulma alihamisha ndoo, akaizungusha, akaketi. Kabla chupa haijaisha yalikuwa yamelipata tena.

"Dardo," alisema jioni, "nani kamwonyesha liliko?"

"Hakuna mtu."

"Amezaliwa kabatini. Mama yake kazaliwa kabatini. Kajuaje?"

"Shemeji, mimi nilichimba mawe," alisema Dardo. Lakini naye alibaki pale uani akitazama, na hakuwasha sigara aliyoishika.

Jumapili, geti la uani likiwa wazi kwa ajili ya ile kazi ya kubeba, aliingia mtu bila kugonga. Alikuwa Mirta, dada yake Wilmar, na mfuko wa keki ndogo za siagi mkononi.

"Kumbe hujafa," alisema.

"Karibu, wifi."

"Karibu gani? Nimekuja Jumapili baada ya Jumapili, nagonga mpaka vidole vinauma, nawe upo ndani unanisikiliza."

"Nilikuwa nimelala."

"Tangu Juni? Hata kobe halali hivyo." Mirta alitua mfuko mezani, kisha akauona ule mti mwembamba karibu na mlimau na mkono ukaenda mdomoni. "Usiniambie ni yeye."

"Ni yeye."

"Huyu ndiye aliyekufukuzia nguo zako?"

"Huyu huyu. Na kusema asante hajawahi."

Mirta alimzunguka polepole. Miaka yote alikuwa anamsikia kwa harufu tu. Aligusa jani moja kwa kidole, akalinusa, na macho yakamlengalenga. "Koti la Wilmar," alisema. "Nilidhani ni harufu yake. Nilidhani kaka yangu ndivyo anavyonukia."

Zulma akavuta kiti cha pili. Alijaza kibuyu, akanywa cha kwanza mwenyewe kama inavyopasa, akajaza tena, akampa wifi yake. Na mazungumzo yakaanza, yale ambayo tangu mazishini yalikuwa yamekwama kooni mwa kila mmoja.

"Unakumbuka yule polisi," alisema Mirta, "aliyekuja kuuliza habari za kondoo walioibwa?"

"Nisimkumbuke vipi? Aliingia sebuleni, akanusa, akasema, nyumba hii ina harufu gani? Wilmar bila hata kupepesa macho akajibu, ni supu ya mke wangu."

"Uongo wake ule."

"Yule bwana hakula nyumbani kwangu tena mpaka alipostaafu. Mji mzima ukajua kwamba Zulma anapika supu ya soksi."

Wakacheka mpaka Mirta akajishika mbavu. Chupa ikaisha. Zulma akaenda kuijaza, kwa sababu mgeni akiwa amekaa huwezi kumwambia maji yamekwisha, hata mtoto Minas anajua hivyo. Wakala keki. Mirta akasimulia jinsi Wilmar alivyoanguka mtoni akiwa na suti ya komunyo. Chupa ikaisha tena, Mirta mwenyewe akainuka kwenda jikoni, akarudi nayo inafuka moshi. Kisha wakafika kwenye wiki ya mwisho ya hospitali, na hapo hawakucheka. Zulma alisema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kwamba asubuhi ile alitoka kwenda kutafuta maji moto ya yerba, na aliporudi Wilmar alikuwa ameshaondoka.

"Ndiyo maana hukunifungulia?" aliuliza Mirta.

"Niliona utaniuliza nilikuwa wapi."

"Wifi," alisema Mirta, akamshika mkono. Walilia pamoja, mkono kwa mkono, kibuyu kikipoa juu ya meza. Halafu Mirta akakijaza tena.

Ni Mirta aliyeona. "Kivuli kimekwenda wapi?" alisema.

Kivuli cha mlimau kilikuwa kimehamia ukutani. Jua la Oktoba kule kusini lina hila. Hewa ina baridi, mtu amevaa sweta, hasikii kitu, na huku linachoma. Kimbaombao alikuwa amesimama katikati yake, hana hata unyasi wa kumkinga. Majani yake yalikuwa yamejikunja kingo kwenda juu. Yale ya juu kabisa, yale mepesi ambayo mwanga ulikuwa unapita ndani yake, yalikuwa na mabaka meupe, kama shati lililomwagikiwa jiki.

Zulma alisimama, akaketi tena.

"Nimemuua," alisema. Hakupaza sauti. "Chupa ilikuwa haijaisha. Nilikuwa nasubiri iishe."

"Ni mimi niliyejaza."

"Tulijaza wote. Nenda nyumbani, wifi."

"Siendi."

"Nimesema nenda."

"Na mimi nimesema siendi. Ukifunga mlango safari hii, utanifungia ndani." Akaanza kuburuta ndoo kuelekea ukutani, peke yake, mwanamke wa umri ule, akihema.

Dardo aliitwa, akaja na baiskeli. Alichuchumaa mbele ya Kimbaombao muda mrefu. Aligeuza jani moja moja kwa kidole.

"Tumrudishe ndani?" aliuliza Zulma.

"Ndani kuna nini? Dirisha tu. Mwache hapa kivulini, mmwagilie, msimguse. Haya majani yamekwenda, hayo myasahau. Yeye mwenyewe tumngoje."

"Atapona?"

"Sijui, shemeji. Ningekuwa najua ningekwambia."

Mirta alihamia chumba cha nyuma na begi dogo. Asubuhi na jioni wawili hao walitoka uani kumtazama mgonjwa wao, na kila mara walikuta majani mengine chini. Yalikauka, yakageuka karatasi, yakadondoka kwa upepo mdogo tu. Zulma aliyaokota moja moja na kuyaweka ndani ya kofia ya kazi ya Wilmar. Mirta alimwacha afanye hivyo, hakumkejeli, na kwa Mirta hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ikanyesha. Mvua ikinyesha Minas kila nyumba inakaanga mikate, na Mirta aliikaanga, bapa, yenye tundu katikati, katika mafuta ya ng'ombe. Wakala wamesimama dirishani. Nje, Kimbaombao alikuwa amebaki shina na vijiti, amefungwa kwenye mpini wake wa ufagio, na mtu asiyejua angedhani ni mipini miwili imesahauliwa mvuani.

"Jani la mwisho limeanguka leo," alisema Zulma.

"Nimeliona."

"Unajua maana yake? Majani yale yote Wilmar aliyashika. Aliyafuta vumbi kwa kitambaa, moja moja, Jumamosi. Nilikuwa namwambia, wewe mwanamume, glasi zangu hujawahi kuzifuta hivyo." Akaweka mkate chini bila kuumaliza. "Hakuna hata moja lililobaki analolijua."

Mirta alimaliza kutafuna. "Shina je?" alisema mwishoni. "Shina si lake?"

Mvua ilipokatika Zulma alitoka, akachuchumaa kwa shida na kulitazama shina, jambo ambalo wakati wa majani hakuna aliyekuwa analifanya. Lilikuwa na magamba kama mti mzee. Palipokuwa na kila jani palibaki kovu dogo, na juu ya kila kovu, kwenye kwapa lake, palikuwa na kitu. Alidhani ni tope. Akavaa miwani.

"Wifi," aliita, na sauti yake ikamfanya Mirta aje bila viatu.

Vilikuwa vichipukizi. Viwili viwili, kila kovu na chake, kuanzia karibu na udongo mpaka juu, vidogo kuliko punje ya mchele, vimefumbwa. Usiku kucha na mchana kutwa wa mvua ile, wao wakiwa ndani wanakula mikate na kuomboleza, yeye alikuwa kazini.

Hawakuweza kuingia ndani siku hiyo. Walileta viti, wakavaa makoti, wakakaa. Zulma alihisi kitu ambacho hakukihisi hata kanisani siku ya harusi yake, hofu isiyo na ubaya ndani yake, ya mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe akakuta chumba kikubwa asichokijua. Mmea huu hakuna aliyeufundisha jua ni nini. Ulichomwa nalo mara moja, ukapoteza kila ulichokuwa nacho, na bado haukuliogopa. Ulikuwa unalifuata tena, safari hii kwa majani yaliyotengenezwa kwa ajili yake.

Maana yalikuwa mengine kabisa. Yalipofunguka, hata Dardo alivua kofia. Yalikuwa mafupi, mapana, mazito ukiyashika, na kijani chake kilikolea hadi kikakaribia weusi. Vikonyo vilikuwa vya zambarau. Asubuhi yaliinuka yenyewe kabla jua halijavuka kilima, yakalisubiri. Saa sita jua likipiga kichwani, mlimau ukilegea, yeye alisimama wima na kulinywa. Na harufu ilikuwa ile ile, ila safari hii ilivuka ukuta, ikaenda barabarani, na watu waliopita walipunguza mwendo.

"Sasa hakuna wa kumdanganya kwamba ni supu," alisema Mirta.

Upepo wa vilimani ulimsukuma kila siku, naye kila siku akausukuma. Shina likanenepa. Novemba ilipofika mwisho lilikuwa nene kuliko kidole gumba cha Dardo, na Dardo ndiye aliyeliona lile tatizo.

"Shemeji, njoo uone hapa."

Ilikuwa ile kamba ya kiatu. Wilmar aliifunga mafundo mawili, kwa vidole vyake vya machimboni, wakati shina lilipokuwa jembamba kama penseli. Sasa ilikuwa imezama ndani ya gome, juu na chini yake shina limevimba.

"Inamkaba," alisema Dardo. "Ikatwe. Ikibaki, juu hapati maji."

"Ilegezwe."

"Fundo limekwisha kumezwa. Ni kukata tu."

"Ile kaifunga yeye," alisema Zulma. "Majani yake yamekwenda yote. Mafuta yake yamekwisha. Hicho ndicho kilichobaki kama alivyokiacha. Na ukimwondolea ule mpini ataanguka, siku zote alikuwa anaanguka."

Dardo alitazama chini. Mirta alikwenda ndani akarudi na chupa iliyojaa, kibuyu, na mkasi wa kushonea. Akaviweka vyote mezani, mkasi kando ya chupa, kisha akaketi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakaa kimya bila kuombwa.

Zulma alikunywa. Alimjazia Mirta, akamjazia Dardo, akajinywea tena. Alimtazama Kimbaombao, na jua likaendelea kupanda, na kivuli cha mlimau kikawapita wote watatu na kwenda zake ukutani. Aliinamisha chupa kwenye kibuyu. Yakatoka matone tu.

Akachukua mkasi. Ilibidi aingize ncha yake polepole kati ya kamba na gome, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Kamba ilikatika bila kelele. Zulma aliivuta kutoka kwenye mfereji wake, akaupokea mpini wa ufagio ulioanza kulala, na kubaki ameutanua mkono mwingine wazi, tayari kumdaka Kimbaombao.

Upepo ukaja. Kimbaombao akainama, akainama sana, Mirta akavuta pumzi, kisha Kimbaombao akarudi wima. Akayumba upande wa pili, akarudi. Akasimama. Pale kamba ilipokuwa palibaki alama, imezunguka shina lote, laini na ya kijani kibichi, upana wa kamba ya kiatu. Zulma aliipapasa kwa kidole. Ilikuwa imeingia ndani ya mti wenyewe, na mti ungeendelea kunenepa nayo.

Alikaa kwenye kiti chake, kamba mkononi, jua likimwangukia usoni, na hakusogeza kiti.

"Chupa imekwisha, shemeji," alisema Dardo baada ya muda.

"Nimeona," alisema Zulma.

Na hakuna aliyeinuka kumrudisha ndani.